Kurudi Kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia Nikiwa na Shahada Tayari

Anayetaka kusoma udaktari wa binadamu hapa Tanzania, hata akiwa tayari na shahada ya fani nyingine, huulizwa kwanza matokeo yake ya kidato cha sita katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mimi ni ofisa wa kumbukumbu za afya hapa Tabora, na nimeyasoma masomo hayo upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa kazini na nikiwa na familia. Naandika kwa urefu kwa sababu vijana wa mkoa huu na wa Kigoma wananiuliza mara kwa mara wafanye nini, na kwa sababu ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye utaratibu mwingine kabisa.

Ushauri huo wa mtandaoni unatoka zaidi Marekani, na ni vema msomaji aujue ulivyo ili asiufuate mahali usipomhusu. Kule, chuo cha udaktari huanza baada ya shahada ya kwanza na masomo yake huchukua miaka minne. Kwa hiyo mtu aliyesoma historia au uchumi anaweza, baada ya kuhitimu, kurudi chuoni kusoma baiolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia pamoja na mazoezi yake ya maabara, kisha akafanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528. Wapo wanaorudi kwa sababu hawakuwahi kuyasoma masomo hayo, na wapo waliowahi kuyasoma wakapata alama zisizotosha. Hawa wa kundi la pili hukutana na kanuni ambayo nimeitafakari sana: mfumo mkuu wa maombi ya vyuo vya udaktari vya huko, uitwao AMCAS, hauifuti alama ya zamani. Somo likirudiwa, alama zote mbili huingia katika wastani, na masomo yaliyosomwa baada ya shahada huonyeshwa katika mstari wake, ili wanaochagua waombaji waone mtu alikuwa wapi na sasa amefika wapi. Huko, basi, kurudia somo maana yake ni kujenga ushahidi mpya juu ya ule wa zamani, na ushahidi huo hauna nguvu kama alama mpya ni nzuri kidogo tu.

Huku kwetu shahada ya udaktari ni shahada ya kwanza. Huchukua miaka mitano, na baada yake mhitimu hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka ukieleza sifa za chini za kila programu, na kwa anayetoka kidato cha sita sifa ya udaktari ni ufaulu wa prinsipali, yaani alama ya A hadi E, katika masomo yote matatu. A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Katika miongozo ya miaka ya karibuni kiwango cha chini kimekuwa pointi 6, na alama isiyopungua D katika kila somo. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Vyuo kama MUHAS cha Dar es Salaam, CUHAS cha Bugando jijini Mwanza na KCMUCo cha Moshi hupokea waombaji wengi wenye A na B, na nafasi hutolewa kwa ushindani, hivyo mwenye D tatu asijenge matumaini yake juu ya neno la mwongozo peke yake. Katika maombi niliyoyajaza mimi hapakuwa na insha ya kujieleza, wala barua za walimu, wala hesabu ya saa za kujitolea hospitalini, mambo ambayo waombaji wa Marekani huyatumia miaka kuyaandaa. Kilichopimwa ni alama.

Matokeo yangu ya awali yalikuwa C ya Baiolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. S hutolewa kwa anayepata kati ya 35 na 39, na haihesabiwi kuwa prinsipali. Shule niliyosoma, ambayo haina haja ya kutajwa, ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, na maabara yake ilifunguliwa zaidi mtihani ulipokuwa umekaribia. Nilikwenda kusoma shahada ya usimamizi wa kumbukumbu na taarifa, nikaajiriwa katika kituo cha afya, na kazi yangu ya kila siku ikawa vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: kuhesabu wagonjwa wa malaria, wenye upungufu wa damu, watoto wenye selimundu, akina mama waliojifungua salama na wasiojifungua salama, kisha kuingiza hesabu hizo kwenye kompyuta kabla ya mwisho wa mwezi. Ni kazi ya maana na ninaiheshimu. Hata hivyo kila mwezi nilizidi kutamani kujua kinachotokea ndani ya mwili wa mtoto ambaye mimi nilikuwa nikimwandika kama tarakimu moja katika safu, na nilipoviandikia vyuo kadhaa kuuliza kama shahada yangu ingenisaidia, jibu lilikuwa lile lile kwa lugha ya heshima: leta matokeo ya masomo matatu.

Ipo njia ya pili ambayo nisingependa mtu aidharau. Stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu, humfanya mtu kuwa afisa tabibu, na anayehitimu kwa wastani unaotakiwa na mwongozo wa TCU, akiwa pia na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada ya udaktari. Kijana asiye na ajira na asiye na watoto, anayeniuliza achague lipi, mimi humwambia bila kusita kwamba stashahada ni bora kwake, kwa sababu hata asipopata nafasi ya chuo kikuu atakuwa na taaluma mkononi na atakuwa amewagusa wagonjwa. Mimi nilichagua mtihani kwa sababu mtihani uliniruhusu kubaki kazini. Suala la fedha lilichangia pia. Mtu aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na sasa ni mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, na anayepanga shahada nyingine ya ngazi ile ile apange kuilipia mwenyewe. Nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya ada, makato na chakula cha nyumbani kabla sijanunua hata daftari moja, na namshauri kila mtu mwenye familia afanye hivyo mapema, mezani, mbele ya wote watakaobeba mzigo huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Wengi wanaotaka kurudia sayansi hufikiri tatizo ni vitabu. Vitabu vipo, notisi zipo, mitihani ya miaka iliyopita ipo, na simu yenye bando la intaneti huleta masomo ya video kutoka kila pembe ya dunia. Kinachokosekana ni maabara. Kila moja ya masomo haya matatu lina karatasi ya tatu, ambayo ni praktiko, na mtahiniwa wa kujitegemea huulizwa praktiko ile ile anayoulizwa mwanafunzi aliyekaa shuleni miaka miwili. Mwanafunzi ana mwalimu, ana mtaalamu wa maabara, ana kemikali zilizonunuliwa na shule. Mtu mzima anayejisomea nyumbani hapa Isevya au Cheyo ana meza, taa na kikokotoo.

Kituo cha kwanza cha mtihani nilichokwenda kuulizia usajili kilikuwa tayari kunipokea, kuniandikisha na kunipa namba ya malipo, lakini nilipouliza nitafanyia wapi mazoezi ya praktiko kabla ya siku ya mtihani, niliambiwa hilo ni jukumu la mtahiniwa. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Hulipa ada, husoma nadharia kwa bidii ya kweli, kisha Mei huingia maabara wakiwa hawajawahi kuisoma bureti, lile bomba la kioo lenye alama za ujazo, kwa macho yao wenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: kabla hujalipa, kiulize kituo kwa maandishi kuhusu praktiko, na usianze kununua vitabu mpaka ujue maabara utakayoitumia.

Mimi niliokolewa na mwalimu mstaafu wa Kemia ambaye bado huitwa na shule moja ya hapa mjini kusaidia maandalizi ya praktiko. Nilitambulishwa kwake na jirani, nikaenda nyumbani kwake jioni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unataka udaktari. Umewahi kushika bureti?”

“Nimewahi kuiona ikishikwa, Mwalimu.”

“Basi tutaanzia hapo. Njoo Jumamosi, na uje na chumvi ya mezani, siki na daftari lisilo na maandishi.”

Kwa Jumamosi kadhaa za mwanzo hakunipa kemikali yoyote ya maana. Alinipa maji. Nilijaza bureti kwa maji, nikayashusha tone kwa tone, nikasoma, nikaandika, nikajaza tena. Alitaka nijue kwamba bureti husomwa jicho likiwa usawa wa kimiminika, kwamba husomwa chini ya mkunjo wa maji, na kwamba nafasi kati ya mstari mmoja na mwingine lazima ikadiriwe hadi nusu yake, kwa sababu tofauti ya matone mawili ndiyo inayotenganisha majibu yanayokubaliana na yasiyokubaliana. Tulipofika kwenye pamanganeti ya potasiamu alinionyesha kwamba, kwa kuwa rangi yake ni nzito mno kuona chini ya mkunjo, husomwa juu yake. Na kwamba haihitaji kiashiria kingine kwa kuwa tone la kwanza linalozidi huacha rangi ya waridi isiyopotea. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote katika kitabu nikiwa msichana. Niliyaamini sasa kwa mara ya kwanza, kwa sababu mkono wangu ndio uliopitiliza waridi ile hadi zambarau na kulazimika kuanza upya.

Zoezi lililonifundisha zaidi ni la kasi ya mmenyuko. Unachora alama ya msalaba kwenye karatasi, unaweka bika yenye thayosalfeti ya sodiamu juu yake, unamimina asidi ya haidrokloriki na kuanzisha saa ya kusimamishia. Salfa hutengenezwa polepole, kimiminika kinageuka kuwa na ukungu, na unaandika muda ambapo msalaba hauonekani tena. Unarudia kwa kuipunguza thayosalfeti na kuongeza maji, ili ujazo wa jumla usibadilike, na kisha unachora grafu. Hapo nilielewa kwa nini ujazo wa jumla lazima ubaki ule ule: kina cha kimiminika kikibadilika, unachopima ni kina, wala si kasi tena. Jambo dogo kama hilo haliandikwi kwa wino mzito katika notisi za tuisheni, na bado ndilo hasa swali ambalo mtahini hupenda kuuliza mwishoni mwa karatasi. Nimekuja kuona kwamba maabara haifundishi tu karatasi ya tatu. Huifundisha karatasi ya kwanza na ya pili pia, kwa sababu mtu aliyeona msalaba ukipotea machoni hahitaji kukariri kwamba kasi hutegemea wingi wa chembe zinazokutana.

Utambuzi wa chumvi ulinichukua muda mrefu, na sina siri yoyote kuuhusu zaidi ya kurudia mpaka rangi za mashapo zikae kichwani zenyewe. Fizikia ilikuwa rahisi kuipatia vifaa: pendulamu ni uzi, kipande cha chuma na saa, na sheria ya Newton ya kupoa unaweza kuifanya jikoni ukiwa na kipimajoto na kikombe cha maji ya moto; waya wa mita wa kupimia ukinzani ndio uliohitaji maabara yenyewe. Kwa Baiolojia tulipasua panya na mende. Nilihofia zaidi panya, lakini kilichonisumbua ni mende, kwa sababu mfumo wake wa chakula ni mwembamba na mkono wenye haraka huukata.

Nitoke maabara niseme kidogo kuhusu nadharia, maana hapa ndipo mtu aliyewahi kufanya kazi ana nafasi ambayo kijana hana. Nilipokuwa kidato cha sita nilikariri kwamba selimundu hutokana na badiliko la asidi amino moja katika himoglobini. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama yangu. Niliporudi kwenye mada hiyo nikiwa nimewaandika watoto wengi wenye selimundu katika vitabu vya MTUHA, nilitaka kujua kwa nini asidi amino moja iweze kuleta maumivu makubwa kiasi kile. Jibu liko kati ya Kemia na Baiolojia. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki, ambayo hubeba chaji na hukubaliana na maji, imeondolewa na mahali pake ikawekwa valini, isiyobeba chaji na isiyopenda maji. Oksijeni inapopungua, himoglobini zenye valini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zinazoivuta seli nyekundu ikawa na umbo la mundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa husafiri tofauti na ya mtu mzima wa afya katika uwanja wa umeme, na tofauti hiyo ni ile ile ya chaji. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha ni asidi amino ipi hasa iliyobadilika. Naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 uchunguzi wake wa Afrika Mashariki uliounganisha hali ya kubeba kinasaba kimoja cha selimundu na kinga dhidi ya malaria. Malaria, upungufu wa damu na selimundu zilikuwa safu tatu tofauti katika fomu yangu ya mwezi. Baada ya mada ile nilianza kuziona kama habari moja ya watu wa eneo hili.

Fizikia nayo, ambayo nilikuwa nimeiona kama kikwazo kilichowekwa mlangoni, ilinibadilisha katika mada ya mwendo wa vimiminika. Kanuni ya Poiseuille inasema kwamba kiasi cha kimiminika kinachopita katika bomba jembamba hutegemea nusu kipenyo kikiwa kimepandishwa hadi kipeo cha nne. Shinikizo na urefu vikibaki vile vile, bomba likipungua nusu kipenyo hadi nusu yake, kinachopita hupungua mara 16. Niliiangalia hesabu hiyo kwa muda mrefu nikifikiria mishipa ya damu ya mtu mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa, na kwa nini mafuta kidogo yaliyoganda ukutani mwa mshipa yaweze kumlaza mtu. Na katika kemia ya asidi na besi, ile mada ya bafa, yaani vimiminika ambavyo pH yake, kipimo cha asidi, haibadiliki kirahisi, ambayo wanafunzi huichukia, nilikuta maelezo ya kwa nini pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na kwa nini mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huhema kwa nguvu: mwili wake unajaribu kutoa kaboni dayoksaidi ili kuipunguza asidi. Anayesoma masomo haya akiwa anautazama udaktari atakuta kwamba udaktari umo ndani yake tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba kuyasoma kwa kukariri ili kuvuka tu ni kujinyima kitu atakachokihitaji mbele ya mgonjwa.

Kuhusu namna ya kusoma sina mengi, ila kuna chombo kimoja ambacho watahiniwa wa kujitegemea hawakitumii vya kutosha. Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo kila swali huelezwa lilitaka nini, watahiniwa wengi walijibu vipi, na huwekwa picha za majibu mazuri na majibu mabaya kama yalivyoandikwa kwa mkono wa mtahiniwa. Ni bure. Nilizisoma kabla ya kuisoma mada yoyote, na nikagundua kwamba mwenye majibu mabaya mara nyingi aliijua mada, lakini aliulizwa aeleze sababu akaorodhesha majina. Nilisoma alfajiri kabla ya watoto kuamka, kwa kuwa jioni ya mtu mwenye kazi na familia haiaminiki. Nilijiunga pia na kituo cha tuisheni karibu na Gongoni, nikakaa benchi moja na vijana walioniita dada wiki ya kwanza na mama wiki zilizofuata. Walikuwa wepesi kunishinda katika hesabu, nami niliwashinda katika kuuliza. Tulisaidiana vizuri.

Mtihani ulipita, na matokeo yalipotoka yalinipa prinsipali tatu: B ya Baiolojia, C ya Kemia na C ya Fizikia. Ni pointi 10. Siyaoni kama matokeo ya kutisha, wala sina uhakika wa nafasi ninapoandika haya, kwa sababu ushindani ni mkubwa na maombi siku hizi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo. Nimeomba vyuo vya karibu na vya mbali. Chuo kikikataa mwaka huu nitaomba tena mwaka ujao, au nitaingia katika stashahada ya utabibu, na Kemia niliyoijua sasa nitakwenda nayo huko huko.

Ninachotaka kukiomba kinawahusu walimu wakuu wa shule za sekondari za hapa mjini na za Kigoma. Tabora ni mji wa shule. Hapa ndipo Julius Nyerere alipofundisha Baiolojia, katika shule ya St. Mary's, baada ya kutoka Makerere, na bado tuna shule kongwe za sayansi zenye majengo ya maabara ambayo mikoa mingi ingeyatamani. Maabara hizo hufungwa Jumamosi mchana na wakati wa likizo, na wakati huo huo watu wazima wa mkoa huu wenye nia ya kusoma utabibu, ufamasia, uuguzi au maabara ya afya wanajifunza titresheni, ile kazi ya bureti, kwa kutazama video. Tunachohitaji ni saa chache za Jumamosi kuanzia Januari hadi Aprili, mtaalamu wa maabara anayelipwa posho yake na watahiniwa wenyewe, orodha ya kemikali tutakazozinunua kwa mchango, na daftari la kusaini kila kifaa kinachotoka na kinachorudi. Chombo kikivunjika, aliyekivunja akilipe. Tumekwisha kuandika pendekezo la namna hiyo, watahiniwa wachache tuliosoma pamoja na Mwalimu wetu mstaafu, lenye makadirio ya gharama ya asidi, besi, viashiria, chumvi za utambuzi na panya, na tumeliwasilisha katika shule mbili za hapa mjini. Moja imeomba tuje tuonane na bodi yake baada ya muhula kufunguliwa. Mtahiniwa wa kujitegemea aliye Tabora na anayekusudia kukaa mtihani ujao wa masomo ya sayansi afike kituo cha tuisheni cha Gongoni Jumamosi asubuhi aandike jina na masomo yake, kwa sababu bodi itatuuliza tuko wangapi.